Bwana Muhuri wa Karatasi na Bwana Muhuri wa Simu

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa karatasi, msije mkadhani natoa hukumu ya haki. Nina duka la fotokopi Arua mjini, na mashine yangu ndiyo iliyowasomesha wanangu, kuanzia Zam ambaye watu wananiita kwa jina lake. Mtu akiniambia karatasi imepitwa na wakati, mimi husikia ananiambia nikafunge duka nikafe. Kwa hiyo haya ya Drani yachukueni kama maneno ya mtu mwenye hasira na mwenye mashine.

Drani ni mchoraji wa vibao. Kama umewahi kupita Arua ukaona kibao cha saluni chenye mwanamke wa shingo ndefu kupita mahitaji, huyo ni mwanamke wa Drani. Amechora mikasi, amechora samaki wa hotelini, na wakati mmoja alichora meno ya kliniki ya meno hadi watoto wakawa wanavuka barabara wasiyaone. Anaishi Pajulu na mkewe Phiona, mkulima wa muhogo na mkaangaji wa mandazi, na vidole vya Drani havikosi rangi hata siku ya harusi. Ni mtu mwema kabisa. Tatizo lake ni kwamba hajui kumwambia mtu hapana, na hilo ndilo lililotuletea kisa hiki.

Mbali na vibao, Drani alikuwa anachora kitabu cha katuni. Shujaa wake, kama tunaweza kumwita shujaa, ni Bwana Muhuri, wakala wa forodha mwenye tumbo linaloingia ofisini kwanza yeye akifuata baadaye. Bwana Muhuri hugonga muhuri kila kitu. Hugonga hati za malori, hugonga mbuzi, hugonga mkate, na katika toleo la kwanza alimgonga mkwewe kwenye paji la uso kwa kuwa aliingia nyumbani bila karatasi. Tumbo lile, kwa taarifa yenu, ni la mjomba wake Drani, mzee wa Pajulu ambaye hajawahi kukanyaga mpakani. Lakini kila wakala aliyekiona kitabu aliapa kwamba amechorwa yeye, na mmoja au wawili ambao hawakujiona waliudhika zaidi.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Drani huchora kwa kalamu nyumbani, huniletea kurasa, mimi hutoa fotokopi, tunakunja, tunabana pini, na vitabu vinapanda gari kwenda Koboko na Oraba. Mtu akija kulalamikia tumbo, Drani hufungua viganja na kusema, kitabu kimeshatoka kwa Mama Zam, mimi nifanye nini. Basi mlalamikaji anakuja dukani kwangu, nami namwambia mashine hii haina gia ya kurudi nyuma. Anafoka kidogo, ananunua kalamu, anaondoka. Karatasi ilikuwa uti wa mgongo wa Drani, ila mwenyewe hakujua.

Kule Oraba, ambako malori hungoja kuvuka kwenda Kaya, Sudan Kusini, yupo Agnes Keji mwenye kibanda cha chai. Wateja humwita Mama Chai. Madereva hukaa pale kutwa wakisubiri hati, na mtu anayesubiri hati husoma chochote kilichoandikwa, hata maelezo ya dawa ya mbu. Kwa hiyo kila toleo la Bwana Muhuri lilitobolewa pembeni, likafungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda, msomaji asije akaondoka nalo hadi Juba. Mmoja alisoma kwa sauti, wa pili akageuza kwa Kikakwa, wa tatu kwa Kiarabu cha Juba, na wa nne alibisha kwamba wenzake wote wamekosea. Vikombe viliwekwa juu ya kurasa upepo usizipeperushe. Agnes mwenyewe hakwenda shule, yeye alitazama picha na kucheka mahali panapostahili.

Alipotayarisha toleo la pili, Drani alikwenda Oraba kuona mpaka kwa macho yake. Alikaa kibandani akachora alichokiona, na ukurasa mmoja ukatokea vizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora. Bwana Muhuri anagonga muhuri kwenye andazi lake mwenyewe, Agnes anamimina chai, na kando ya birika amesimama kuli mwenye gunia begani, amegeuza uso kidogo, anacheka. Drani hakumjua kuli yule wala hakumuuliza jina. Alikuwa Soro, mume wa Agnes.

Miezi michache baadaye homa ilimshika Soro, na haikumwachia. Walipokimbia vita kwao, upande wa Yei kule Sudan Kusini, hawakubeba picha hata moja, maana mtu anayekimbia hubeba sufuria. Simu yake ilikuwa ile ya vibonyezo na tochi. Kadi yake ya ukimbizi, yenye picha, ilimpotea sokoni Koboko, na alikufa bado anaambiwa arudi wiki ijayo kufuatilia nyingine. Uso wa Soro ukawa umebaki mahali pamoja duniani, kwenye kitabu cha katuni, kando ya birika. Agnes aliwaruhusu wateja waweke vikombe juu ya ukurasa wowote isipokuwa ule. Ukurasa ule ukifunguliwa, aliuzuia upepo kwa mkono wake.

Lakini kitabu kilikuwa kinachakaa. Agnes alimpigia Drani simu akamweleza yote, na Drani, kama kawaida yake, akakubali palepale. Toleo la pili litatolewa upya, nakala moja safi itakuwa yake, akae nayo nyumbani. Mimi nikaweka kando karatasi nzito kwa ajili ya nakala hiyo, ile ninayowatolea watu kadi za harusi. Agnes akangoja.

Hapo ndipo semina ilipotufikia. Shirika fulani kutoka Kampala, lenye jina refu ambalo hata kibao chake kilikuwa na mistari mitatu, liliwaita wasanii wa West Nile, ukanda wetu huu, kwenye hoteli moja ya Arua, kula sambusa na kufundishwa kwamba karatasi imekufa. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo kwa Arua lingetosha kumtilia mtu shaka. Alisema kitabu cha karatasi hulowa, huchanika, hupotea, bali cha kwenye simu hudumu milele. Kisha akasema neno lililommaliza Drani wetu: kwenye simu, kosa lolote unaweza kulisahihisha wakati wowote.

Drani alirudi na kofia ya semina, tableti mkononi, na macho ya mtu aliyeokoka. Aliniambia kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba, kwamba sasa Bwana Muhuri anahamia kwenye simu. Nilimuuliza kuhusu nakala ya Mama Chai. Akasema Mama Chai atapata kitu bora zaidi, chenye rangi. Nilimuuliza kama Mama Chai ana simu ya kuonea hizo rangi. Akasema semina haikufika hapo.

Akapiga picha michoro yake yote, akaipaka rangi kwa kidole, akairusha mtandaoni. Michoro yenyewe ya kalamu alimpa Phiona, kwa kuwa karatasi imekufa, na Phiona ni mwanamke asiyetupa kitu. Aliifungia mandazi. Kwa siku kadhaa Pajulu nzima ilitembea na Bwana Muhuri aliyelowa mafuta, na hivyo michoro ya asili ikaisha.

Nikubali kwamba mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Watu wa Koboko walifungua katuni kwenye simu zao, wakatumiana, wakatuma vicheko. Kisha akapiga simu Ocama. Huyu ni wakala wa forodha pale Oraba, mtu wa suti, na ndiye aliyekuwa amemwagiza Drani kibao cha ofisi yake mpya. Ocama alisema hana kinyongo, sanaa ni sanaa, ila amesikia kwamba siku hizi tumbo linaweza kupunguzwa. Hapo Drani hakuwa na la kunisingizia. Mashine yangu haikuwamo tena. Akapitisha kidole, tumbo likapungua.

Nyie mnajua watu wetu. Habari zilipoenea kwamba kitabu kinarekebishika, simu ya Drani haikulala. Mzee wa kanisa aliomba bia ya Bwana Muhuri igeuzwe soda, na wiki iliyofuata akapiga tena kuomba soda igeuzwe maziwa, kwa ajili ya watoto. Wabadilisha fedha walitaka wachorwe na meza safi. Mama mkwe wa mtu fulani alitaka yule mkwe asigongwe muhuri kwenye paji la uso, bali apewe kiti. Mtu asiyejitaja jina alisema muhuri wenyewe unafanana mno na ule wa kweli, basi Drani akauondoa mkononi, akaweka ua. Mkasa ukawa ni wa bwana mwembamba anayekunywa maziwa akiwapungia watu ua, na madereva wakaanza kuuliza huyu jamaa anaumwa nini.

Mwisho Ocama alipiga tena. Aliuliza yule kuli mwenye gunia, nyuma ya Bwana Muhuri, anapita na nini na kwa ruhusa ya nani. Mtu akitazama vibaya atadhani mawakala wanaachia magunia yapite bila hati. Drani alinieleza baadaye kwamba siku hiyo alikuwa juu ya ngazi anachora kibao, amechoka, na aliifanya kazi ile kwa mkono mmoja. Alipitisha kidole pale kando ya birika, akajaza ukuta wa njano. Hata hakushuka kwenye ngazi.

Agnes alizipata habari kutoka kwa mteja wake Swaka, dereva wa lori, aliyekuja kibandani kwa furaha kumwonyesha kwamba toleo la pili sasa liko kwenye simu, kubwa, lenye rangi. Swaka aliufungua ukurasa ule makusudi, kwa kuwa alijua anavyoupenda. Agnes alijiona anamimina chai akiwa amevaa gauni jekundu ambalo hajawahi kuwa nalo. Akatazama kando ya birika. Akamwomba Swaka aisukume picha upande kidogo, kwa kuwa yule mtu yuko pembeni tu, labda simu ni ndogo. Swaka alisukuma huku na huku. Anasema aliendelea kusukuma hata alipokwisha kuelewa, kwa sababu hakujua atamwambia nini.

Asubuhi iliyofuata Agnes alikata kamba kwenye nguzo, akakifunga kitabu ndani ya kitenge, akapanda gari la mizigo hadi Arua. Alinikuta dukani, na Drani alikuwapo, amekuja kuchaji tableti yake kwangu kwa kuwa Pajulu umeme ulikatika. Hilo nalo semina haikufika hapo.

Drani alianza kumweleza. Namjua, akitahayari huongea kama mwezeshaji. Alisema karatasi hulowa, huchanika, hupotea, na kwamba kwenye simu kitu kinadumu. Agnes alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, akafungua kitenge, akakiweka kitabu juu ya kaunta yangu. Kilikuwa kimevimba na kina madoa ya vikombe kila ukurasa, duara juu ya duara, na moja lilikaa katikati ya paji la uso la Bwana Muhuri. Ukurasa wa Soro tu ndio uliokuwa hauna doa.

"Hii mvua ilipiga," alisema. "Chai ilimwagika juu yake. Mikono ya mafuta ilishika. Na Soro iko. Ile yako ya simu hakuna kitu ilipiga, na Soro hapana iko. Sasa ndugu yangu, niambie tena gani inapotea."

Drani akasema hakujua yule kuli ni nani.

"Wewe hapana uliza," Agnes akamjibu. "Mimi nilizika yeye mara moja, na watu ya kanisa ilikuja, iliimba. Wewe ulizika yeye na kidole."

Drani aliichukua tableti akaanza kumchora Soro upya palepale, haraka haraka, jasho linamtoka. Alipomaliza alimwonyesha Agnes mwanamume mrefu, mabega mapana, meno yote. Agnes alimtazama akasema huyu ni Ocama bila tumbo. Na kwa kweli ilikuwa hivyo, Drani alikuwa ametumia mwili uleule wa Bwana Muhuri aliyekondeshwa ili kuokoa muda.

Tukatafuta nakala nyingine. Za Koboko zilikuwa zimesomwa hadi zikaisha, moja ilisokotewa tumbaku, moja ilikuwa chini ya mguu wa meza ya pool na imeoza. Walioihifadhi katuni ya mwanzo kwenye simu walikuwa wameifuta kupata nafasi ya video za harusi. Na faili la Drani lilikuwa lilelile moja, sahihisho juu ya sahihisho. Kilichobaki ni kitabu cha kamba, kwa kuwa ndicho pekee ambacho watu hawakuweza kuondoka nacho.

Basi nikawasha mashine. Drani aliomba kwanza ayaondoe yale maduara ya vikombe kwa wino mweupe, angalau paji la uso. Nilimwambia akigusa kitu nitamfunika yeye kwa kifuniko cha mashine. Ukurasa wa Soro niliutoa kwanza, kwenye karatasi nzito ya harusi, nikamkabidhi Agnes. Aliushika ukiwa bado na moto wa mashine, akakagua sikio, akakagua mdomo, akalia, nami nikalia, na Drani akatoka nje akasimama barabarani akijidai anaangalia kibao. Kisha nikatoa kitabu chote, pamoja na madoa, maduara na tundu la kamba, nakala baada ya nakala hadi karatasi ikaniishia.

Na sasa sikilizeni watu wa mpakani. Vitabu vilipofika Koboko, mjanja mmoja akachapisha kile cha simu, kisafi, chenye rangi, akakiuza kwa bei ndogo. Hakuna aliyekitaka. Watu walikishika, wakakigeuza, wakauliza muhuri uko wapi. Kwao karatasi yenye duara imepita mahali, imeonwa na mtu, na karatasi safi ni magendo. Doa la kikombe cha Agnes likawa ndilo alama ya kitabu halali. Baada ya muda wakawa wajanja zaidi, wakasema duara la fotokopi ni nakala ya muhuri, si muhuri, na wakakataa hata vyangu. Ikabidi kila nakala ipitie kwanza Oraba, Agnes achovye kitako cha kikombe kwenye chai nzito na kukigonga juu ya kurasa, moja baada ya nyingine, mbele ya mashahidi. Mnunuzi hupuliza hadi chai ikauke.

Drani amerudi kwenye kalamu. Kwenye simu Bwana Muhuri bado yupo na anazidi kukonda, nasikia sasa amepewa mbawa. Wa karatasi tumbo lake limerudi lote, na aliyekuja wa kwanza kununua nakala, akiwa na suti yake, alikuwa Ocama. Nilikuwapo siku hiyo, nilikuwa nimepeleka mzigo Oraba. Nilijiandaa kwa ugomvi juu ya tumbo, lakini hakulitazama hata kidogo. Aliinua kila ukurasa kwenye mwanga, akahakiki duara, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama yuko kazini. Alipofika kwenye ukurasa wa birika akasimama. Akarudi nyuma, akaja tena.

"Mama Chai, hii moja iko bila muhuri," alisema. "Mutu anaweza kusema ni ya uongo. Piga na hii."

Akamsogezea kikombe. Agnes hakukipokea. Alikiweka kitabu mbele ya Ocama, akaweka kidole kando ya birika, pale pale ambapo kidole kingine kilipita siku ile kwenye ngazi.

"Huyu hapana taka muhuri," alisema. "Huyu mimi najua yeye."